Kijito cha Saa Mbili na Robo

Jumatatu, 24 Juni

Vipimo vyote kumi na vinne vimefungwa! Cha mwisho nimekifunga leo chini ya daraja dogo, mbele ya nyumba ya dada yangu mkubwa, Fumiyo. Maji magotini. Kofia imechukuliwa na mkondo. Si hasara, sayansi imefaidika.

Naeleza kwa utaratibu, maana siku moja shajara hii itasomwa na watu wasioijua Kamidani. Kitongoji chetu kina nyumba thelathini na moja kando ya kijito kimoja kinachoshuka mlimani. Pembeni juu, kwenye mwamba, kuna ukumbi wa mtaa. Chini kabisa, bonde linapobana, kuna nyumba ya Dada. Mlima ukiporomoka, nyumba ya kwanza kupata habari ni hiyo. Ana miaka themanini na sita, anaishi peke yake, na hataki kuhama. Sababu ni pipa. Pipa la pumba za mchele zilizotiwa chumvi, la tangu enzi za bibi yetu, ambamo hulaza matango na figili mpaka yachachuke. Pumba sharti zigeuzwe kwa mkono kila siku, la sivyo zinaoza. Nimemwomba ahamie kwangu mara kumi na tisa (tarehe ninazo). Jibu ni lile lile: "Toku, pipa halitaipenda nyumba yako."

Sasa nitamhamisha kwa data. Tena data kubwa! Kila kipimo kinatuma kina cha maji kwenye kompyuta yangu kila dakika. Binti yangu Chinatsu, anayefanya kazi Nagoya, ndiye aliyeniandikia programu. Nimeilisha daftari zangu za mvua za miaka thelathini na minane ya kufundisha jiografia. Nimeongeza kubweka kwa mbwa saba. Nimeongeza maumivu ya magoti ya wazee, kuanzia sifuri hadi kumi, ambayo kila nyumba inajaza kwenye ubao wa mzunguko. Ubao huo hupita nyumba hadi nyumba. Unasoma, unagonga muhuri wako, unampelekea jirani. Zamani ulitangaza siku za takataka tu. Nimeupandisha cheo.

Kompyuta huchanganya yote na kutoa rangi. Kijani: kaa. Njano: jiandae. Nyekundu: panda ukumbini mbio. Naeleza hivi kwa sababu nimeshamweleza mwenyekiti wa mtaa, Mzee Ikegawa, mara tatu, na bado anauliza bluu ni ya nini. Hakuna bluu.

Tarehe 7 Julai mtaa unachagua msimamizi wa maafa. Wagombea wawili: mimi, na Bi Kazue Ogoshi mwenye saluni. Nilimfundisha darasa la tano. Alikuwa akichora samaki kwenye ramani. Takwimu zake zote huziokota watu wakiwa wameinamisha vichwa kuoshwa nywele. Sina wasiwasi.

Jumanne, 25 Juni

Nina wasiwasi! Saa mbili na dakika ishirini asubuhi vipimo vya chini vimeruka, sentimita nane kwa mpigo. Mvua hakuna. Anga kavu kama chaki. Kufika saa tatu, maji yamerudi palepale.

Nimezunguka chumba. Chai imepoa. Nimeichemsha, nimezunguka tena, imepoa tena.

Nimempigia Chinatsu. Alisema labda kipimo kimeharibika. Nikamuuliza, sita kwa pamoja, dakika ile ile? Akasema, "Baba, niko kwenye kikao." Nikamweleza hata hivyo. Simu ikakatika. Mtandao wa Nagoya ni dhaifu.

Ubao umerudi. Magoti ya Mzee Ikegawa: kumi na moja. Nimemwandikia kwa upole kwamba kipimo kinaishia kumi. Amejibu kwamba goti ni lake.

Alhamisi, 27 Juni

Jana tena, saa mbili na dakika ishirini. Leo tena, na leo sentimita kumi na moja! Mlima unapumua. Nadharia yangu: kuna tumbo la maji chini ya mwamba, linajaa na kumwaga kwa saa maalumu, na linazidi kujaa. Kompyuta imetoa njano. Niliruka kwa furaha. Kwa hofu, namaanisha. Nyumba ya Dada iko pale chini.

Nimempelekea grafu. Alizitazama kwa muda, akauliza juu ni wapi. Kisha akasema mstari huu ni pua ya marehemu mjomba kabisa, hasa hapa inapopanda. Nikamwambia Dada, huo ni uhai wako. Akasema uhai wake anaujua, hauna pua. Nimerudi na matango matatu, kayafunga ndani ya grafu zangu.

Darajani nimekutana na Bi Ogoshi. Ameniuliza, "Mwalimu, nasikia vipimo vimejaa mtoni. Vinatuambia nini?" Nikamweleza. Baada ya dakika arobaini akasema anaomba radhi, amemwacha mteja na dawa kichwani, sasa nywele zitakuwa rangi ya karoti. Nikamuuliza yeye ana mpango gani wa maafa. Ana orodha, basi! Nani hawezi kupanda ngazi, nani atambeba, nani hasikii, nani mkaidi. Imeandikwa nyuma ya kalenda ya mwaka jana. Nilijizuia kucheka. Nilijizuia vibaya.

Ijumaa, 28 Juni

Siku ya aibu. Naandika kwa ufupi.

Saa mbili na dakika ishirini na moja: sentimita kumi na tano. Nyekundu!

Nilikimbia kwa Mzee Ikegawa kuchukua ufunguo wa kipaza sauti cha mtaa, kile kinachopiga wimbo saa kumi na moja jioni. Nilitangaza kwa sauti ya darasani, bila kuchanganyikiwa: wote wapande ukumbini, usichukue kitu, usirudi nyuma. Watu arobaini na watatu walipanda. Wengine na ndoo za nguo mbichi. Mzee Ikegawa na mswaki mdomoni. Mtu mmoja tu hakupanda, Dada. Alikuwa anageuza pumba.

Tukasimama, tukalitazama bonde. Jua linawaka. Ndege wanaimba. Dakika ishirini.

Bi Ogoshi akashuka kijitoni, akarudi na povu kiganjani. Alilinusa. Akampa mwenyekiti alinuse. Kisha akasema, mbele ya watu wote, "Mwalimu, mlima wako unanukia sabuni."

Maelezo, kwa ajili ya sayansi. Kamidani nzima hutazama igizo la asubuhi kwenye televisheni, kuanzia saa mbili kamili mpaka saa mbili na robo. Na kila nyumba huhifadhi maji ya kuoga ya jana jioni ili yafulie nguo asubuhi. Igizo likiisha, watu wanainuka, wanamalizia kufua, wanazibua mabeseni ya kuogea. Nyumba thelathini na moja, lita mia mbili kila moja, zote kwenye mfereji mmoja. Na wiki hii bi harusi wa igizo yuko mbioni kutoroka, kwa hiyo hakuna aliyeinuka kabla ya mwisho. Jumla, lita elfu sita na mia mbili.

Nikapiga hesabu palepale, kwenye ubao wa ukumbini. Inalingana na vipimo vyangu hadi sentimita! Maana yake mtambo hauna kosa hata moja! Niliwaambia. Hakuna aliyepiga makofi. Mtu mmoja wa nyuma aliuliza kama nitatabiri pia iwapo bi harusi ataolewa.

Beseni la kumi na nane lilikuwa langu. Mimi pia natazama igizo.

Jumapili, 30 Juni

Mwanasayansi hakati tamaa, anasafisha data yake. Nimepeleka ratiba ya kuzibua mabeseni kwa ubao wa mzunguko. Nyumba ya kwanza saa mbili kamili, ya pili saa mbili na dakika kumi, hivyo hivyo mpaka ya thelathini na moja, saa saba mchana. Haki tupu.

Kwa kawaida ubao huzunguka siku tatu. Huu umerudi jioni ile ile, umejaa maandishi. Nyumba ya kumi na mbili inauliza kama inaruhusiwa pia kunawa uso. Mzee Ikegawa amenipongeza na kuuliza bluu ni ya nini. Dada ameandika: "Nimeoga katika bonde hili miaka themanini na sita bila ratiba. Acha mambo ya watu, Toku." Bi Ogoshi amegonga muhuri, na kando ya muhuri amechora samaki.

Nimeongeza kikomo cha nyekundu. Sasa ni mita moja kamili. Safari hii, nikisema kimbieni, hakuna atakayenusa kitu.

Jumanne, 2 Julai

Mvua! Mvua ya kweli, tangu alfajiri. Nimetangaza kesho mtu yeyote asizibue beseni. Nataka maji ya mlima matupu.

Siwezi kukaa. Nikikaa nasimama. Nikisimama natazama kioo. Sentimita thelathini na moja. Thelathini na tatu. Nimejaribu kula tambi, zikavimba bakulini nikitazama namba.

Chinatsu amepiga mwenyewe! Alisema, "Baba, ile programu niliiandika kwa michana miwili tu, wakati wa chakula. Usimkabidhi shangazi kwenye ile programu. Mchukue, mpande." Nikamweleza kwamba programu ya michana miwili ikipata daftari za miaka thelathini na minane inakuwa na miaka thelathini na minane. Akavuta pumzi ndefu. Binti anachoka sana kazini.

Manispaa imetangaza wazee waondoke mapema. Bi Ogoshi anapita na kalenda yake mlango hadi mlango, koti la mvua la njano, sauti kama filimbi. Ameniambia Dada kakataa mara mbili. Nikamwambia aniachie mimi, nitamwonyesha grafu mpya. Akasema, "Mwonyeshe, Mwalimu. Mimi nitarudi kesho."

Dada amesema pua sasa imekuwa nzuri.

Jumatano, 3 Julai

Naandikia ukumbini, nyuma ya ratiba ya mabeseni. Nitaeleza kwa mpangilio. Mpangilio husaidia.

Adhuhuri wote walikuwa wamepanda, isipokuwa Dada. Nilikuja na kompyuta, nikaiweka juu ya meza, watu wakakaa mbali nayo. Nilimpigia Dada simu. Pumba hazijageuzwa, alisema, na mvua hii inazitia baridi.

Saa tano, sentimita sitini. Saa saba na nusu, tisini na nne. Njano. Nilitaka nyekundu! Lakini kikomo ni mita moja, nilikiweka mwenyewe, na Ijumaa bado inaniwasha mgongoni. Nilisema moyoni, sita tu, panda sita tu, nikamlete. Dada pale chini, na mimi nasubiri sentimita sita.

Saa nane na dakika kumi: themanini. Saa nane na dakika kumi na sita: kumi na tisa!

Nje mvua inamwagika kama imepinduliwa. Kwenye kioo, kijani. Kijani safi. Nilipanda juu ya kiti. Niliwatangazia kwamba maji yameshuka, hatari imepita, anayetaka kurudi nyumbani arudi, na Dada yangu na akae na pipa lake kwa amani. Nilisikia raha ambayo sijawahi kuisikia. Mzee Ikegawa alikuwa ameshavaa kiatu kimoja.

Bi Ogoshi akasimama mlangoni, mikono ameitanua.

"Hatoki mtu hapa! Mwalimu, mvua inanyesha namna hii, maji yameenda wapi?"

Nilifungua mdomo nieleze. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu hakikutoka kitu.

"Darasa la tano," akasema. "Ulitupigia meza mpaka chaki zikaanguka. Mvua inazidi, mto unapungua: juu kuna kitu kimeziba. Usiulize. Kimbia."

Nilisema hivyo. Kila mwezi wa Juni, miaka thelathini na minane. Lilikuwa swali la nne kwenye mtihani.

Alishaondoka. Nilimfuata nikiwa na ndara za ukumbini, ambazo hazikutengenezwa kwa mteremko. Tulimkuta Dada amepiga magoti jikoni, mkono ndani ya pipa mpaka kiwikoni. Mimi nikaanza kueleza. Nilifika kwenye neno "kizuizi." Bi Ogoshi hakueleza chochote. Alilikumbatia pipa, akaliinua, akatoka nalo kwenye mvua.

"Wee! Wee Kazue! Mwizi! Rudisha hapa!"

"Lifuate, Mama Fumiyo!"

Na Dada akalifuata. Miaka themanini na sita, mkono mmoja umejaa pumba, hana kiatu, akipanda mlima huku akimtukana Kazue, na mama yake Kazue, na nyanya yake aliyewahi kuazima kisu asirudishe. Mimi nyuma na mwavuli. Nilisahau kuufungua. Hewa ilinuka udongo uliopinduliwa, kama shamba siku ya kwanza ya kulima. Mahali pa kijito palikuwa na mawe tu, yanang'aa.

Saa nane na dakika arobaini na moja. Sauti kama treni ndefu isiyo na reli. Daraja. Kipimo namba kumi na nne. Jiko la Dada. Kisha nyumba yote, taratibu, kama mtu anayekaa chini.

Tulikuwa ngazi ya mwisho. Dada alisimama akatazama, mikono yote miwili juu ya kifuniko cha pipa. Kisha akasema, kwa sauti ambayo si yake, kwamba mvua imeingia kwenye pumba, na nimletee chumvi.

Nilikwenda jikoni ukumbini kutafuta chumvi. Ilikuwa mezani. Nilikaa nikaitazama kidogo kabla ya kuweza kuishika.

Jumapili, 7 Julai

Watu wote wazima. Nyumba tatu hazipo. Uchaguzi umefanyika hata hivyo, ukumbini, katikati ya magodoro. Kura moja kwa kila nyumba, hata isiyokuwepo tena.

Bi Kazue Ogoshi, kura thelathini. Mimi, moja. Mwandiko wa hiyo moja naufahamu vizuri.

Nimemuuliza Dada, bila kinyongo, alimpigia nani. Akasema, "Aliyebeba pipa. Wewe ulibeba nini?" Nikamjibu mwavuli.

Nimetoa hotuba fupi ya kukubali matokeo, dakika ishirini na tano. Nimefafanua jambo ambalo watu hawajalielewa: mtambo haukukosea. Ulionyesha maji yakishuka, na maji yalishuka kweli, dakika hadi dakika! Tatizo lilikuwa rangi tu. Mtu akivaa shati kinyume, hatuchomi shati.

Bi Ogoshi aliinama mbele yangu, akainama sana, mpaka nikaiona mvi yake utosini. Akasema asante, Mwalimu, kwa somo la darasa la tano. Watu walipiga makofi, wengine walifuta macho. Nimeipokea shukrani hiyo kwa niaba ya kompyuta.

Ufunguo wa kipaza sauti amekabidhiwa yeye. Nakala ninayo. Niliichongesha tangu Jumanne ile ya mvua, kwa tahadhari.

Jumatatu, 8 Julai

Dada amehamia kwangu. Pipa limewekwa kona ya jiko, upande wa kaskazini. Limeipenda nyumba. Ameniambia kwa huzuni kidogo, kama mtu aliyeshindwa kesi.

Halafu akasema neno moja, kama mchezo tu, akigeuza pumba jana jioni: kwamba Jumanne na Jumatano zile, kabla ya mlima kuanguka, pumba zilikuwa zimevimba na kutoa mapovu.

Mapovu! Nilishindwa kukaa. Fikiria: mgandamizo wa hewa unashuka, unyevu unapanda, vijidudu vya chachu vinahisi kabla ya binadamu. Miaka mia moja ya pumba katika bonde moja. Hiyo ndiyo data kubwa! Mimi nilihangaika na mbwa na magoti, kumbe kipimo kilikuwa kwa bibi yetu. Kuna mapipa ya pumba katika nyumba ishirini na mbili za mtaa huu. Nitayaunganisha yote. Nimeshaandika tangazo la ubao.

Alfajiri, Dada akiwa anavaa, nimezika kipimo changu cha akiba ndani ya pumba. Rangi nimerekebisha, maana mimi najifunza: kiwango kikishuka ghafla, nyekundu.

Saa moja kamili: kimetulia.

Saa moja na dakika tano: kimetulia.

Saa moja na dakika nane: kimeshuka sentimita nne! Kwa mpigo! Mvua hakuna, anga kavu. Nyekundu! Dalili ile ile ya Jumatano!

Dada hana habari. Yuko pale kwenye ubao wa kukatia, mkono bado una pumba, anakata matango aliyoyatoa pipani sasa hivi na kuimba. Ananiita nije kula, wali unapoa. Maskini. Sitamshtua, ameshapata ya kumtosha.

Ufunguo ninao. Nakimbia.